Ukungu Nilioufuta

Jumatatu saa nne asubuhi, chai yangu ikiwa bado ya moto, niligundua kwamba kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikifuta kwa mkono wangu mwenyewe onyo ambalo binti yangu alilihitaji. Sikupiga kelele. Nilifunga kompyuta, nikaifungua tena, nikitumaini kipuuzi kwamba labda jedwali lingekuwa limebadilika. Lilikuwa vilevile.

Naitwa Subilaga Mwambungu, nina miaka hamsini na nane, na kwa wasionifahamu, mimi ni msafishaji. Wenzangu wa kituo cha Kitulo huona aibu nikijitambulisha hivyo mbele ya wageni. Wanataka niseme mtaalamu wa miale ya gama, lakini kazi ni ileile. Setilaiti yetu hulizunguka anga lote kila baada ya saa tatu na kutuletea picha ya miale hiyo mikali ambayo jicho haliioni. Wakubwa wanaozisubiri picha wanatafuta nukta: mizoga ya nyota, mashimo meusi, vitu vya kuandikwa magazetini. Tatizo ni kwamba picha haiji na nukta peke yake. Inakuja imetandwa na ukungu, mng'ao usio na kingo, mzito katikati ya galaksi yetu na mwepesi pembeni. Wakubwa hawautaki. Mimi ndiye niliyekuwa nikiufuta.

Ukungu huo hutokana na migongano. Nyota kubwa ikilipuka, hurusha protoni kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Hiyo ndiyo tunayoiita mionzi ya kosmiki. Protoni hizo hazisafiri zikiwa zimenyooka. Galaksi imejaa nguvu za sumaku, nazo huzizungusha huku na huku kama mbuzi aliyefungwa kamba, anayekimbia kutwa nzima na jioni ukamkuta palepale. Katika kuzunguka huko hugonga gesi ya haidrojeni iliyotanda kati ya nyota. Kila mgongano mkali huweza kuzaa kichembe kiitwacho pioni, ambacho hufa kabla hujapepesa jicho, na kikifa huacha miale miwili ya gama. Miale ya gama haijali sumaku, hivyo huja kwetu moja kwa moja. Penye gesi nyingi na protoni nyingi pana ukungu mwingi, na hesabu yake ni ya kuzidisha tu.

Gesi tunajua iko wapi kwa sababu darubini za redio huiona. Kila Januari nilichukua ramani ya gesi, nikazidisha kila wingu kwa namba yake, nikatoa jibu kwenye picha. Palipobaki mng'ao baada ya kutoa, niliandika daftarini maneno ambayo kila mtu wa kazi hii huyaandika: gesi isiyoonekana. Msinione mvivu. Gesi hiyo ipo kweli, darubini za redio huikosa, na vitabu vimejaa habari zake. Kwa hiyo mng'ao ukizidi tunasema ni gesi iliyozidi, tunaipandisha namba ya wingu lile, picha inakuwa safi, tunakwenda kula.

Jumatatu ile nilikuwa naandaa cheti cha Mwambani. Mwambani ni makazi ya mwezini, watu mia nne na kumi na wawili wanaoishi chini ya paa la udongo wa huko. Kila mwaka huuliza kituo chetu swali moja: je, mionzi inayowanyeshea imebaki ileile? Nami kila mwaka niliandika kwamba imebaki ileile, nikatia sahihi. Kwa sahihi hiyo walijenga paa la mita moja na nusu badala ya mita tatu. Mwaka huu fomu ilikuwa na ukurasa mpya uliotaka namba za ukungu za miaka yote, zipangwe wingu kwa wingu. Nilikuwa sijawahi kuzipanga hivyo. Kila Januari nilizitazama za mwaka ule, nikazisahau.

Wingu lililo umbali wa miaka ya mwanga elfu moja na mia moja, namba yake ilikuwa imepanda mara nane miaka kumi na mmoja iliyopita. Lililo umbali wa mia saba lilipanda mara nane miaka saba iliyopita. La mia tatu, miaka mitatu iliyopita. Yote yako upande mmoja wa anga, yamejipanga kutuelekea sisi. Na pembeni mwa kila moja, kwa mwandiko wangu mzuri ambao walimu wa Tukuyu walinisifia: gesi isiyoonekana. Gesi haizaliwi ghafla kwenye wingu moja, halafu jingine, halafu jingine. Zilikuwa protoni. Mahali fulani nyota ililipuka, na safari hii kamba ya mbuzi ilikuwa imenyooka. Njia ya sumaku iliyolala kama bomba kutoka kule mpaka hapa ilikuwa ikizileta, nazo zilikuwa zikiwasha kila wingu zinalolipita.

Kilichonitoa kijasho chembamba kilikuwa kasi yake. Miale ya gama inakuja kwa kasi ya mwanga, protoni zinakuja nyuma yake zikipungukiwa sehemu moja tu katika mia. Habari na jambo lenyewe vilikuwa vinakimbizana. Kwa wingu lililo umbali wa miaka ya mwanga arobaini, tofauti kati ya kuliona likiwaka na kupigwa na kilicholiwasha ni kama miezi mitano.

Nilitafuta wingu hilo. Ni dogo, jembamba, hata jina halina, namba tu. Lilikuwa limewaka wiki kumi na mbili zilizopita.

Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu. Wiki tisa. Nikipima upana wa makosa yangu, huenda tano, huenda kumi na nne. Kitulo ingebaki na viazi vyake na baridi yake, kwa kuwa hewa ya dunia ni paa nene kuliko lolote tunaloweza kulijenga. Mwezi hauna hewa. Chini ya mita moja na nusu za udongo, mtu mzima angeanza kuugua ndani ya mwezi wa kwanza. Mtoto aliye tumboni asingefika hata huo.

Binti yangu Tupokigwe alikuwa Mwambani, na mimba yake ilikuwa ya wiki ishirini na saba.

*

Jumanne nilimfuata Khatibu Faki, kiongozi wa chumba chetu. Khatibu ni Mpemba, mtu mtaratibu, hukunja leso yake mara nne kabla ya kuitia mfukoni. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na minne na hajawahi kunipandishia sauti. Nilimwekea jedwali mezani. Aliona kichwa chake tu, 'Mwambani: wiki tisa', akaligeuza kifudifudi.

"Dada Subi, hizi zimefunikwa?"

"Hazikufunikwa. Nilizikuta tu."

"Basi usinioneshe."

Lazima niseme habari ya kufunika, maana bila hiyo mtamwona Khatibu mtu mbaya. Katika chumba chetu hesabu yoyote kubwa hufanywa na watu wawili wasioonana majibu, na kompyuta huzizidisha namba zao kwa namba ya siri ambayo hakuna aijuaye. Hujui unachokipata, kwa hiyo huwezi kukipendelea. Baada ya siku arobaini tunakaa pamoja, Khatibu analeta mkate wa kumimina aliouoka mkewe, tunafunua. Ikilingana tunatangaza, isipolingana tunakula mkate na kuanza upya.

Utaratibu huo ulianzishwa kwa ajili ya watu sita. Miaka tisa iliyopita Khatibu alipata namba iliyoonesha dhoruba ya mionzi inakwenda Mwambani, akatoa taarifa siku ileile. Kabla haijatangazwa rasmi, wenye ndugu huko walikwisha kunong'onezana. Walionong'onezwa wakakimbilia gatini, walioshtuka wakawafuata, mlango wa hewa, ule wa kupandia chombo, ukafungwa katikati ya msongamano. Wakafa sita. Dhoruba haikuja, kwa sababu namba ilikuwa na kosa. Tangu hapo sisi tunafunika. Nao watu wa Mwambani walijiwekea sheria yao: hakuna simu ya faragha kutoka duniani. Kila simu hupokewa ukumbini wakati wa chakula cha mchana, kipaza sauti kikiwa wazi, mama akimsalimia mwanawe watu mia nne wanasikia.

"Siku arobaini," nilimwambia. "Chombo cha kurudi duniani kinaondoka Mwambani Ijumaa. Kinachofuata ni mwezi ujao."

"Najua."

"Jumamosi Tupo anatimiza wiki ishirini na nane. Baada ya hapo daktari wao hamruhusu kuruka mpaka ajifungue."

"Hilo pia nalijua, dada. Mke wangu keshamshonea mtoto kofia."

Nje ya dirisha wanawake wa kijijini walikuwa wanapalilia viazi, mmoja akicheka kwa sauti, nikamwonea wivu kwa kucheka kwake.

"Litazame tu," nilisema. "Uniambie nimekosea. Nitakushukuru maisha yangu yote."

"Nikilitazama sasa sitakuwa jicho la pili. Nitakuwa jicho lako hilohilo, na hutabaki na mtu wa kukuhakikishia." Alitoa leso, akaikunjua, akaanza kuikunja upya. "Chombo kina viti kumi na vinane. Vitupu ni vitatu. Ukiwaambia watu mia nne kuwa wanakufa na viti ni vitatu, utauleta ule msongamano wa mlango wa hewa mara ya pili. Na kama namba ina kosa? Mimi nawajua wale sita kwa majina. Kila Ijumaa nawasomea."

"Na nisipowaambia na namba ikawa ya kweli?"

"Baada ya siku arobaini tutawaambia. Wiki tisa ni siku sitini na tatu."

"Na zikiwa tano?"

Alisimama, akaenda kufunga dirisha ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Aliponigeukia, sauti yake ilikuwa imeshuka, na mpaka leo sijui kama alichonipa kilikuwa wema au kitu kingine.

"Keshokutwa Alhamisi ni zamu yako ya simu. Mimi nitakwenda Matamba kununua vifaa. Mama kumwambia mwanawe arudi nyumbani ajifungulie kwao, hilo halimuui mtu. Na nyinyi Wanyakyusa mna lugha yenu."

Aliniachia jedwali langu likiwa vilevile kifudifudi.

*

Jumatano sikufanya kazi, nilijitia hamnazo kwa kupanga mafaili. Kila nilipokaa, akili ilirudi kwenye udongo.

Paa la Mwambani linaongezwa kwa buldoza mbili. Haziendeshwi na mtu aliyekaa juu yake, maana nje huko mionzi na vumbi vinamaliza watu. Dereva hukaa chini, chumbani, na kuziongoza kwa mkono wa chuma na kioo. Kuendesha kwenyewe si mchezo, udongo ule hauna uzito wa kueleweka na mashine inaweza kupinduka kwenye mteremko ambao hapa ungeupanda kwa baiskeli. Walifunzwa watu watatu. Mmoja alirudi duniani mwaka jana na mgongo mbovu. Waliobaki ni wawili, na mmoja wao ni Tupo, mimba au hapana mimba, amekaa kwenye kiti chake na mto nyuma ya kiuno aliotumiwa na mimi.

Kwa hiyo nilikuwa nakijua nilichokuwa nataka kukifanya. Sikutaka tu kumtoa mtu mmoja. Nilitaka kumtoa dereva, nikiwaacha wale wengine na paa langu la mita moja na nusu, na mtu mmoja wa kulinenepesha siku watakapoambiwa. Nilijua hivyo, na bado nilikaa jikoni kwangu jioni ile nikifanya mazoezi ya sentensi za Kinyakyusa, nikizifupisha ili zisikike kama salamu za mama kizee anayelalamika.

Niliogopa vitu viwili ambavyo haviwezi kuwa kweli kwa pamoja. Niliogopa kwamba nimekosea, kwamba nitamrusha mwanangu akiwa na tumbo la miezi saba kwenye chombo chenye ukuta mwembamba kwa sababu ya madoa ya kwenye picha. Na niliogopa kwamba sijakosea. Nilipima hofu zote mbili, na ile ya pili ilikuwa nzito zaidi. Nikapiga moyo konde.

*

Alhamisi saa saba mchana chumba kilikuwa kitupu. Khatibu alikuwa ameondoka na gari la saa mbili, kama alivyosema. Nilivaa kilemba kizuri, utadhani wananiona, nikabonyeza namba ya ukumbi.

Kwanza zikaja sauti za vijiko. Kisha sauti ya Mzee Wafula, mtunza ukumbi, ambaye hupokea simu zote na kumwita mwenyewe.

"Mama Tupo, habari za Kitulo?"

"Njema, mzee. Baridi tu."

"Subiri, anakuja. Siku hizi anatembea taratibu." Watu wakacheka nyuma yake, kicheko cha watu wanaokula.

Maneno yangu huchukua zaidi ya sekunde moja kufika na yao muda uleule kurudi. Karibu sekunde tatu kila ukiuliza kitu. Nilikwisha kuzizoea miaka yote, lakini siku ile kila mara nilihisi kama Tupo ameanguka.

"Shikamoo mama," alisema Tupo.

"Marahaba, mwanangu. Ugonile."

Nikaingia kwenye Kinyakyusa kama mtu anayeingia nyumba ya jirani kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia asibadilishe sauti wala uso. Nilimwambia kuna kitu kinakuja, hakijathibitishwa, ila mimi nimekiona kwa macho yangu. Nilimwambia kuna viti vitatu kesho, aende kwa daktari sasa hivi, aseme tumbo linamuuma na anataka kujifungulia kwa mama yake, asimwambie mtu hata mumewe mpaka wawe wameketi chomboni. Nilimwambia paa halitoshi. Nilisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za uzazi, na nilipomaliza nilikuwa nimelowa mgongo mzima.

Sekunde tatu zikapita. Zikapita nyingine. Vijiko vilikuwa bado vinalia.

"Mama," alisema Tupo, kwa Kiswahili. "Rudia kwa Kiswahili. Tuko wengi hapa."

Nilimwambia kwa Kinyakyusa anyamaze. Nilimtaja mtoto. Nilimwambia kwamba mimi sina mwingine, jambo ambalo ni kweli na ambalo nilikuwa nimeapa sitalitumia.

"Nimekuelewa. Nimeelewa kila neno. Lakini wanaposikia lugha nyingine kwenye simu hii wanaacha kula, mama. Wameshaacha. Wananitazama."

Na kweli, vijiko vilikuwa vimenyamaza. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, na ukimya wa watu mia nne una uzito wake hata kwenye simu. Wengi wao walikuwepo mwaka ule wa mlango wa hewa. Walijua kunong'onezwa kunavyosikika.

"Mama Tupo," alisema Mzee Wafula, taratibu. "Sema tu."

Nikasema. Sikuwa na maneno mazuri. Niliwaeleza mawingu na namba na miaka, nikawaambia kwamba hesabu haijafunikwa wala kufunuliwa, kwamba ni mimi peke yangu niliyeiona, kwamba huenda nimekosea. Niliwaambia chombo hakiwezi kuwabeba na wasikikimbilie. Niliwaambia kwamba mita tatu za udongo zinatosha na kwamba mita moja na nusu haitoshi.

Nilipomaliza nilisikia kiti kikianguka, mtu akikimbia, watu kadhaa wakianza kusema pamoja. Mzee Wafula alisema, "Mlango wa gati ufungwe, na mlinzi Nekesa akae na ufunguo," akarudia mara mbili bila kupaza sauti, na miguu ikasimama. Mtoto mmoja alikuwa analia, mama yake akimbembeleza.

Ikaja sauti ya mwanamume nisiyemjua, karibu sana na kipaza sauti.

"Cheti cha paa letu. Kila mwaka kinasema mionzi ni ileile. Kina sahihi ya nani?"

Ningeweza kusema ya kituo. Vyeti vyote hutoka na muhuri wa kituo, na sahihi iko chini kabisa, ndogo.

"Yangu," nilisema. "Miaka yote kumi na mmoja. Nilikuwa nauona ukungu ukikua na ninaufuta, nikidhani ni gesi."

Hakunitukana. Nilikaa nikisubiri anitukane, nikaona afadhali angefanya hivyo. Nilimsikia akipumua, kisha akaondoka kwenye kipaza sauti.

"Mama." Tupo tena. Sauti yake ilikuwa ile ya kazini, ambayo mimi huisikia mara chache. "Paa lote linahitaji mita moja na nusu juu ya iliyopo. Hapa tumepiga hesabu na Mutiso." Mutiso ni mkwe wangu, Mkamba mpole anayesimamia bustani ya mboga, nilimsikia akimnong'oneza namba. "Kwa madereva wawili kwa zamu ni wiki sita. Kwa dereva mmoja ni kumi na mbili, na hapo asiugue."

"Tupo."

"Sijamaliza. Nataka kwenda, mama. Usidhani sitaki. Naogopa mpaka mtoto anapiga mateke. Mzee Wafula anasema kiti ni changu nikikitaka, na hakuna aliyebisha. Kwa hiyo nataka unisaidie kuamua, na unijibu kama mtu wa kazi, si kama mama." Nikasikia akivuta kiti. "Tuna wiki ngapi?"

Nilitazama jedwali. Tano, tisa, kumi na nne. Namba zote tatu zilikuwa zangu, nimeziandika kwa mkono wangu, na hata ile ya mwisho ilikuwa ndani ya hesabu. Nikisema kumi na nne, dereva mmoja anatosha. Angepanda chombo kesho, angefika Jumanne, ningempokea na blanketi. Hakuna mtu duniani wala mwezini ambaye angeweza kuniita mwongo, Khatibu mwenyewe asingeweza. Ningekuwa nimechagua tu namba iliyonipendeza na kuifuta iliyobaki, na kazi hiyo nilikuwa naijua vizuri.

Ukumbini wote walikuwa wanasubiri pamoja naye.

"Tisa," nilisema. "Na mfanye kama ni tano."

Neno likaondoka. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikiwa nimeishika meza kwa mikono yote miwili.

"Sawa," alisema Tupo. Kisha, akiwa amegeuka mbali na kipaza sauti, nilimsikia akimwambia mtu, "Kile kiti kifuteni jina langu. Muwekeni yule mwenye mtoto anayelia."